Nusu Yetu ya Sakafu pale Ghorofani

Naandika habari za safari hii kwa ajili ya watu wa kwetu Mbuchi, hasa wanawake waliotutuma. Kila mmoja ananiuliza kwa wakati wake, kisimani, shambani, hata msibani, na mimi nikisimulia mara nyingi naona naanza kuongeza hapa na kupunguza pale. Heri niandike mara moja, anayetaka asome au asomewe. Elimu yangu ni ya darasa la saba tu. Nitakapokosea nisahihishwe, sitaona vibaya.

Safari yenyewe ilitokana na ujumbe. Nje kidogo ya mji wa Kibiti kuna chuo cha ualimu cha zamani, cha tangu enzi ya Mwingereza, na katikati yake kuna jengo la mawe lenye ghorofa moja. Wakati linajengwa halikuwapo jingine la namna hiyo sehemu zile, basi watu wakakiita chuo kizima Ghorofani, na mpaka leo ukimtajia mtu wa bodaboda jina lililo kwenye kibao atakuuliza kama unamaanisha Ghorofani. Mtendaji wetu aliletewa habari kwamba sakafu ya juu ya jengo hilo inatengenezwa. Nusu yake ni nzima. Nusu nyingine imejaa nyufa. Ile nzima itahifadhiwa, na ukutani litawekwa jiwe lenye jina la kijiji ambacho wanawake wake waliipigilia. Ile yenye nyufa itavunjwa, imwagwe zege na kuwekwa vigae.

Kwa vijana wasiojua kupigilia ni nini, naeleza kama nilivyoelezwa. Zamani sakafu ya ghorofa haikuwa ya saruji. Zilipangwa boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe madogo na chokaa nzito, kisha wanawake wakapiga magoti kwa safu na kuipiga kwa vigongo, siku baada ya siku, wakiimba, mpaka mawe na chokaa vikashikana vikawa kitu kimoja. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Wanaume walijenga kuta, lakini mtu akitembea juu anatembea juu ya kazi ya wanawake.

Kwetu hakuna asiyejua kwamba wanawake wa Mbuchi walikwenda kupigilia Ghorofani. Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanahawa, alikuwa mmoja wao, wakati huo msichana ambaye hajaolewa. Nyamisati nao walikwenda, hilo hatujawahi kulikataa. Sakafu iligawanywa nusu kwa nusu, vijiji viwili vikashindana. Ambalo hakuna aliyelijua tena ni nusu ipi ilikuwa ya nani. Chuo kikaomba kila kijiji kilete watu wenye kumbukumbu. Wanawake wa Mbuchi wakamchagua shangazi yangu, Bi Tatu, binti wa Bi Mwanahawa, kwa kuwa nyimbo zote anazo kichwani. Mimi nikachaguliwa kwa sababu huandika andika. Nikasema wapo waliosoma kuliko mimi. Wakanijibu kwamba waliosoma wana kazi.

Tulichotumwa kilikuwa kifupi: tukaipate ile nusu nzima. Maana ile nyingine ikishavunjwa, hakuna kitakachobaki katika nyumba ile cha kuonyesha kwamba mikono ya wanawake wa Mbuchi ilipita.

Tuliondoka alfajiri maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakishapwa boti hukwama kwenye matope na abiria wanabaki kutazamana. Boti ilikuwa ya mashine, imebeba magunia ya mpunga na kuku wa mtu. Tulipita katikati ya mikoko, na shangazi, ambaye kukaa kimya humchosha, akaanza kuwasomesha abiria habari za Ghorofani. Wengine walikuwa wanazijua, wakamwacha. Alipofika penye wimbo akaimba, na wanawake wote ndani ya boti wakamwitikia, kwa sababu wimbo huo sisi tumeunyonya. Kwa wageni nauandika:

*Tumekwisha, tumekwisha, vigongo tumetua,*
*wenzetu wa Nyamisati bado wanajipigia.*

Ndio ushindi wetu huo. Wa Mbuchi walimaliza kwanza, wakaweka vigongo begani, wakashuka ngazi wakiimba, na wa Nyamisati wakabaki juu wamepiga magoti siku kadhaa zaidi. Bibi alikuwa akisimulia anasimama kabisa, anaonyesha walivyoshuka ngazi. Nimekua nikiiona ngazi hiyo kabla sijaiona.

Nyamisati tulifika jua limeshapanda. Gatini palikuwa na watu wanaosubiri boti ya Mafia, na kando yao boriti za mikoko zilizokatwa kwa kibali zimepangwa kwa korija, ishirini ishirini, zingine nyekundu bado, zimekatwa juzi. Tukaambiwa mjumbe wa Nyamisati naye anakwenda siku hiyo hiyo, na gari lililokuwapo ni la mfanyabiashara wa samaki, tungepanda wote. Mjumbe mwenyewe ni Bi Zuhura, mwanamke wa rika langu, anauza chapati pale gatini. Walikuwa waende wawili, lakini mwenzake aliamka na homa.

Shangazi aliketi mbele na dereva, sisi nyuma na maboksi ya barafu, kidirisha cha katikati kiko wazi. Safari ya kwenda Bungu ilikuwa ya maneno matupu. Bi Zuhura akasema, "Mbuchi mmeleta mtu wa kuimba na mtu wa kuandika. Sisi tumeleta mtu wa kukaa tu."

Shangazi akajibu kutoka mbele bila kugeuka, "Kukaa mnakujua tangu zamani, mwanangu. Hata pale juu mlikaa."

Dereva akacheka mpaka akapunguza mwendo. Bi Zuhura naye alicheka, lakini niliona amegeukia nje, anatazama mikorosho. Wakati ule nilidhani ni vumbi.

Bungu tukashika basi la barabara kuu kwenda Kibiti, na kutoka stendi ya Kibiti bodaboda. Adhuhuri inaingia tukawa langoni.

Hapa nataka niandike vizuri na sijui kama nitaweza. Kwanza unaona miembe na madarasa ya bati ya siku hizi, ya kawaida tu. Halafu njia inapinda na nyumba inasimama mbele yako. Ni nyeupe, chokaa yake imekwajuka ikashika rangi ya maziwa ya mgando. Chini ina baraza refu lenye matao, na kila tao ni nene kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuegemea ndani yake wakizungumza na mvua isiwapate. Juu kuna madirisha marefu ya mbao, yote yamefunguliwa siku hiyo. Wanafunzi walikuwa likizo, pamenyamaza. Shangazi alisimama akavua ndala. Nikamwambia bado hatujafika ndani. Akasema anajua.

Aliyetupokea ni Mwalimu Sanga, anayefundisha ufundi na kusimamia matengenezo, mtu wa Makete aliyekaa Kibiti miaka mingi mpaka mkewe anapika wali wa nazi kutushinda. Alimwamkia shangazi kwa heshima, akatupa maji, akatuzungusha bila haraka.

Alianzia chini. Akatuambia tutazame juu, na tukaziona boriti. Zimejipanga moja baada ya nyingine dari nzima, nyeusi kwa umri, nyembamba kuliko nilivyotegemea. Mchwa hawajazigusa. Mwalimu akaeleza kwamba nyumba hii haikupimwa na mchoraji, ilipimwa na mkoko. Boriti ya mkoko haiendi mbali. Ikizidi urefu fulani inapinda. Kwa hiyo nyumba za mawe za pwani vyumba vyake ni vyembamba. Lakini chuo kilitaka ukumbi mpana wa kukalisha wanafunzi wote. Mafundi wakasimamisha safu ya nguzo za mawe katikati, wakaweka juu yake mhimili mmoja mrefu, na boriti zikatoka kila upande zikakutana pale. Ndiyo maana sakafu ya juu ina nusu mbili tangu kuzaliwa kwake.

"Na boriti zote ni za kwenu huko," akasema. "Zilikatwa delta. Nyamisati zilipakuliwa, zikaja huku na malori."

Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia. Nimezaliwa nikiona boriti zinafungwa na kupakiwa, zinaondoka, na sikuwahi kujiuliza zinakwenda kubeba nini. Mwalimu aliyenifundisha kusoma pale Mbuchi alisomea chuo hiki. Basi alikaa chini ya miti ya kwetu akajifunza kunifundisha mimi. Nilitamani kulisema hilo kwa sauti lakini nikaona litakuwa refu.

Ngazi ni ya mawe, imelika katikati kwa miguu. Shangazi aliipanda polepole, mkono ukutani, midomo inacheza. Juu ukumbi ulikuwa mtupu na mwanga umejaa. Nusu ya mashariki sakafu yake inang'aa kama ganda la yai, laini, ukitembea peku unasikia baridi. Nusu ya magharibi ilikuwa na nyufa kutoka ukuta hadi mhimili, zingine unaingiza kidole, na sehemu zingine imeinuka na kubanduka. Shangazi akaenda moja kwa moja akasimama upande wa mashariki. Bi Zuhura akaenda akasimama hapo hapo. Wakatazamana.

Mimi nilimuuliza mwalimu kwa nini upande mmoja umepasuka. Nilidhani atasema ni boriti, au ni mvua kupitia dirishani. Akasema boriti za pande zote mbili amezikagua, ni nzima. Kisha akapiga magoti, akaugonga upande mzima kwa kifundo cha kidole, ukajibu kwa sauti kavu. Akaugonga ule mwingine, ukajibu kama mtungi.

"Chokaa si kama saruji," akasema. "Saruji ukishamwaga unaiacha. Chokaa unaipiga inatoa maji, unaipumzisha, unaipiga tena inatoa tena. Unaendelea hivyo mpaka kigongo kinaruka chenyewe na haitoi hata jasho. Ukiacha kabla, juu panakauka, chini bado pana maji. Ndipo panapopasuka baadaye. Hawa waliacha mapema."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema hakika ni neno kubwa, yeye amejifunza kwa kusoma kidogo na kwa kubomoa sana, lakini kila alipobomoa ameona hivyo. Akaongeza, na namshukuru kwa hilo, kwamba wanawake hao kazi waliijua. Alinionyesha ndani ya ufa mawe yalivyopangwa kwa ukubwa, hakuna lililotupwa ovyo. "Sijui tu kwa nini waliharakisha," akasema.

Mimi nilijua. Nikamtazama shangazi, naye alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri gari.

Alasiri tulipumzika nyumbani kwa mwalimu, chumba cha binti yao aliye masomoni. Nilianza kwa mbali, nikamuuliza shangazi kama alisikia maneno ya mwalimu.

"Nimesikia. Masikio yangu ni mazima."

"Basi wimbo wetu, shangazi."

"Wimbo wetu una nini?"

Shangazi akakaa kitandani, akafungua kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya, na alipomaliza akasema taratibu kwamba mama yake alikufa akijua ameshinda. Kitu alichokuwa nacho maishani ni kile. Hakuwa na nyumba ya bati, hakwenda Makka, aliwahi kushinda Ghorofani. "Sasa wewe unataka niende kaburini kwake nikamwambie alishindwa?"

Umri wangu kwake ni wa mtoto. Nilimwambia nitakachoulizwa nitajibu. Akauliza, "Na usichoulizwa?" Nikasema sijui. Huo ndio ukweli, sikujua. Tukakaa tumepeana migongo mpaka mke wa mwalimu alipotuita kula.

Asubuhi ya pili tulikutana kwenye chumba cha walimu, chini. Mkuu wa chuo ni mama wa makamo kutoka Tabora, mpole, mwenye haraka. Nataka nimtendee haki hapa kwa sababu baadhi yenu mmeshaanza kumsema. Vigae hakuvichagua kwa kudharau ya kale. Wanafunzi hukaa chini ya ile sakafu, na usingizi wake ni wa mtu anayeogopa kipande kisimdondokee mtoto wa mwenzake.

Akauliza nusu ipi ni ya nani. Bi Zuhura akasema, "Mimi nimetumwa niseme nzima ni yetu. Nimeshasema. Ushahidi sina."

Mkuu akatugeukia. Shangazi akatazama mikono yake. Mimi, niliyesema nikiulizwa nitajibu, nikatazama meza. Mkuu akasubiri, kisha akatabasamu, akasema kwamba kwa kuwa hakuna anayejua, njia ya amani ni moja: jiwe litaandikwa majina yote mawili, Mbuchi na Nyamisati, liwekwe upande mzima. Ule mbovu mafundi wataanza kuuvunja wiki hiyo hiyo.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata taabu. Tulikuwa tumepata tulichotumwa. Jina letu ukutani, hakuna aliyeumia, hakuna aliyesema uongo. Ningeweza kunyamaza na mngenishangilia. Lakini nikaona mwanafunzi anasoma jiwe lile, anatazama sakafu iliyo chini yake, anasema wanawake wa Mbuchi waliipiga hii. Na ile waliyoipiga kweli, waliyoipanga mawe vile, iko kwenye shimo la kifusi nyuma ya jiko. Tungekuwa tumepewa sifa ya watu wengine na ya kwetu tumeiacha itupwe. Sijui kama nilifikiri hivi kwa maneno haya au nimeyapata baadaye. Najua nilisimama.

Nikasema, "Mama mkuu, jina letu lisiandikwe kwenye sakafu ile. Nyumbani tunasimuliana kwamba sisi tulimaliza kwanza. Na jana mwalimu ametuambia iliyopasuka ni ya walioacha kwanza. Mimi si mtaalamu, lakini nikiyaweka pamoja naona nusu yenye nyufa ndiyo yetu."

Sikuthubutu kugeuza shingo. Nikasikia kiti cha shangazi kinasogea, nikajua sasa nimekwisha. Akasimama.

"Kama limeshatoka," akasema, "litoke na wimbo wake. Huyu hajui kusimulia."

Akauimba. Wote, sio mistari miwili tu niliyoiandika hapa, pamoja na ule wa kuwataja mmoja mmoja walioshuka ngazi, na jina la mama yake likiwemo. Sauti yake imezeeka lakini haikutetereka. Mwalimu Sanga alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Alipomaliza akaketi, akajipangusa, akasema, "Haya. Ndio hao. Andikeni mnavyotaka."

Nilitegemea Bi Zuhura apige vigelegele. Badala yake alianza kukunja na kukunjua pembe ya kanga yake. Akasema wimbo ule anaujua. Nyamisati wote wanaujua, walikuwa wakiimbiwa kila boti ya Mbuchi ikitia nanga. Bibi yake yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki juu, na maisha yake yote hakutaka kuisimulia Ghorofani, kwa aibu. Alichowahi kudokeza ni kwamba kundi lao lilikuwa la wageni wa kazi, wengi hawajawahi kupigilia, na fundi aliwaambia wasiache mpaka awaambie. Basi wakaogopa kuacha. Ndiyo maana yeye Bi Zuhura hakuwa na ushahidi. "Sisi hatukutunga wimbo," akasema. "Nani atunge wimbo wa kuchelewa?"

Shangazi akamtazama. Mara ya kwanza tangu Nyamisati alimwita kwa jina. Akasema, "Zuhura, kumbe nyie mlikuwa mnapiga, sisi tunawacheka." Kisha akamgeukia mkuu wa chuo na kusema neno ambalo ningependa mlisome polepole, maana alilisema polepole:

"Kama tuliacha mapema, basi Mbuchi hatujamaliza. Tupeni tumalize."

Mkuu hakuelewa mara moja. Mwalimu Sanga alielewa. Akasema tabaka lililopasuka litavunjwa vyovyote vile. Mawe yake yatafaa tena, boriti zake ni nzima, chokaa ya kuchomwa ipo, ataanza kuiloweka mara moja. Kinachokosekana ni mikono mingi kwa wakati mmoja, ndiyo maana yeye mwenyewe alikubali zege. Mkuu akauliza maswali, na yalikuwa maswali ya haki: nani atahakikisha usalama, na itakuwaje chuo kikifunguliwa kazi haijaisha. Akasema pia, kwa upole, kwamba anaona wajumbe wawili, haoni mikono mingi. Shangazi akamjibu kuwa wanawake wa Mbuchi hawakuja kwa sababu hawakuitwa.

Mwisho akakubali, kwa masharti. Mwalimu akague boriti tena moja moja kabla ya yote. Tuje kabla wanafunzi hawajarudi. Na tusipokuja wakati huo, zege itamwagwa wala asilaumiwe. Akauliza na jiwe je. Shangazi akasema Nyamisati waandikiwe lao hata leo, wameshalingojea sana. Letu lisubiri sakafu ikauke.

Kabla hatujaondoka mwalimu alituonyesha nyuma ya jengo kipande kidogo cha sakafu ya majaribio alichokitengeneza na mafundi wake, bado kibichi. Kulikuwa na vigongo. Shangazi akapiga magoti kwa taabu, nikamshika kiwiko, akaniondoa. Bi Zuhura akapiga magoti upande wake. Wakapiga. Mwanzoni kila mmoja kivyake, kisha vikaanza kuitikiana, na maji meupe yakachomoza kati ya mawe kama mwalimu alivyosema. Mimi nilipiga kidogo tu na mkono ukafa ganzi. Naliandika hili ili anayefikiri kwenda ajue si mchezo.

Tulirudi kwa njia ile ile. Kwenye gari la kutoka Bungu hakuna aliyemchokoza mwenzake. Nyamisati tukalala kwa Bi Zuhura, akatupa chapati za njiani, na wanawake wa pale walipoambiwa habari walikuja kumtazama shangazi mlangoni kama bibi harusi. Mmoja, mtu mzima, alilia kidogo. Akasema laiti mama yake angelisikia hili.

Mbuchi tulifika mchana, na mnajua, wengine mlikuwapo. Tulikaa kwenye baraza la shule. Nilisimama nikasema yote kama nilivyoyaandika, kwamba nusu iliyopasuka ni yetu, kwamba imepasuka kwa sababu ya kile tunachokiimba, kwamba mimi ndiye niliyesema bila kutumwa, na mwenye lawama alete kwangu. Katika safari nzima hakuna mahali nilipoogopa kama pale. Wapo waliokasirika, na bado wamekasirika, na siwezi kusema wamekosea. Wimbo ni mali yao pia. Mmoja aliuliza kwa nini hatukupokea jina tulilopewa bure. Shangazi ndiye aliyejibu. Akasema, "Nimekanyaga ile ya Nyamisati kwa miguu yangu. Ni nzuri. Nataka na yetu iwe nzuri."

Hapo ndipo mambo yakageuka, sio kwa maneno yangu. Maswali yakawa mengine. Tutalala wapi. Vigongo vya mti gani. Magoti yatawekewa nini. Wanaume wakasema ndio wakati wa kuamia, kuwafukuza ndege kwenye mpunga, nani atashinda shambani akipiga kelele? Wakajibiwa kwamba kelele wanazo.

Nimejifunza nini? Naogopa kuandika kubwa kuliko mimi. Nilikwenda nikiona fahari yetu ni kwamba tulishinda watu. Nimerudi nikijua kwamba kuna nyumba kule barani imesimama juu ya miti ya delta, na juu ya miti hiyo kuna kazi ya wanawake wa kwetu, ambayo ina kasoro na bado iko pale, inangoja wenyewe. Mimi fahari hii ya pili naiona inanitosha zaidi. Mwingine anaweza kuona vingine.

Jana mtendaji alitangaza kwamba wanaotaka kwenda wafike kwa shangazi. Nilifika mapema nikidhani nitapata kazi ya kubembeleza watu. Uani kulikuwa kumejaa. Walikuwapo waliokasirika pia, wamekaa pembeni na vigongo vyao vipya. Nikamwambia shangazi kwamba ile nusu ya sakafu haiwezi kuwachukua hawa wote kwa pamoja.

Akasema, "Watapokezana."